Kupapasa kwa Mkono wa Raheli

Marahaba. Marahaba nyote, na wewe mrefu uliyejificha nyuma ya wenzako, marahaba pia. Mmefunga safari kutoka chuoni Singida Mjini mpaka huku kwetu juu ya mlima wa Sekenke kuniuliza jambo ambalo mwalimu wenu, mnasema, alilipita haraka haraka: palpesheni ni nini hasa, na neno lenyewe limetoka wapi. Mngeweza kutazama kitabuni. Lakini kwa kuwa mmeshafika, na chai iko jikoni, nitawaambia. Nilikuwa dresa, yaani mganga msaidizi wa serikali, enzi za Mwingereza, na neno hilo nusura linivunjie ndoa.

Jibu fupi kwanza, mwenye haraka aondoke nalo. Palpesheni ni kumpima mgonjwa kwa kumpapasa. Unatumia kiganja na vidole kujua kilichoko chini ya ngozi: ini limevimba au halikuvimba, bandama imeshuka mpaka wapi, tumbo ni laini au limekakamaa, mtoto amelalaje ndani ya mama yake. Tulifundishwa mambo manne na kwa mpangilio huo huo: tazama, papasa, gonga, sikiliza. Neno lenyewe ni la Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Wao walisema palpare.

Aliyetufundisha ni daktari Mzungu wa hospitali ya mjini. Tulimwita Bwana Polepole, maana neno hilo lilikuwa mdomoni mwake kutwa. Alikuwa mwembamba, ana masikio makubwa, na Kiswahili chake alikisema kama mtu anayekanyaga mawe ya moto. Siku ya kwanza ya kufundishwa tumbo alitukuta tumemzunguka mgonjwa, kila mmoja anabonyeza kwa nguvu zake zote kuonyesha bidii. Mgonjwa anaguna, sisi tunazidi kubonyeza. Bwana Polepole akatusukuma pembeni.

"Ninyi mnafanya nini? Mnakanda udongo wa matofali?"

Akatueleza. Alisema Warumi walipotaka kumtuliza farasi mwenye wasiwasi, walimpitishia mkono shingoni, taratibu, mpaka atulie. Kitendo hicho ndicho walichokiita palpare. Walilitumia pia kwa mtu anayembembeleza mwenzake. Waganga wakalichukua baadaye, wakalitia katika kazi yao. Kisha akatutazama, akakumbuka kwamba sisi farasi tulikuwa hatuwajui.

"Haya, ng'ombe. Ng'ombe aliyezaa jana, anapiga teke kila mtu. Mnamfanyaje kabla ya kumkamua?"

"Tunampapasa, Bwana."

"Basi hilo ndilo neno. Tangu mwanzo lina upole ndani yake. Mkiutoa huo upole, tafuteni jina lingine."

Najua kuna mmoja wenu hapo anajiambia, palpa, papasa, kumbe ni kitu kimoja! Hata mimi nilimuuliza. Akacheka, akasema ni kufanana tu, kama watu wawili wasio na udugu wanavyofanana sura. Kwa hiyo msije mkaandika kwenye mtihani kwamba Warumi walitoka Iramba.

Kujua maana ni kitu kimoja, mkono kutii ni kitu kingine. Mnajua upepo wetu wa mwezi wa saba. Asubuhi moja nimetoka kunawa kwenye ndoo, maji yanauma, nikamwekea mkono tumboni mzee mmoja wa Kinyaturu aliyekuja na homa zake. Alinipiga teke la kifua, nikakaa chini kama mzigo. Halafu akawa wa kwanza kuniuliza kwa hasira, "Wewe ni mganga au ni chura?" Toka siku ile napasha mikono kwanza. Sugua viganja, vitie kwapani, viweke kwenye bakuli la chai ukipenda, lakini mkono wa baridi usimguse mtu. Tumbo likishtuka linakaza, na likikaza halikwambii kitu.

Jambo lingine la kwanza kabisa: mwambie mgonjwa akakojoe. Msicheke. Mimi niliwahi kumkimbilia Bwana Polepole nikitweta, nimegundua uvimbe mkubwa chini ya kitovu cha mama mmoja. Akaja, akaweka mkono, akamwelekeza yule mama chooni. Aliporudi uvimbe haupo. Wenzangu waliniita Dokta Mkojo mpaka tunamaliza mafunzo.

Na mtazame chale. Siku zile mgonjwa akifika kwako, alikuwa ameshapita kwa mganga wa kienyeji, na mganga alikuwa amemchanja pale panapouma. Ukiona chale ubavuni kushoto, chini ya mbavu, ujue bandama hiyo, homa za siku nyingi. Mwenzako ameshakuonyesha mahali, sasa we anza mbali na hapo. Usianzie kwenye maumivu hata siku moja. Anzia mahali pazima, mgonjwa akuamini, kisha sogea taratibu.

Haya sasa, tuje kwa mkwe.

Nyie wa siku hizi mnakaa kiti kimoja na mama mkwe mnagombania rimoti. Enzi zetu, thubutu! Ukimwona njiani unaingia porini, unampa mgongo mpaka apite. Hamsemeshani. Hamli pamoja. Jina lake hulitaji. Kumgusa ndiyo kabisa, heri ushike kaa la moto. Haikuwa chuki, mnielewe. Ilikuwa heshima, na heshima hiyo niliishika barabara, maana nilimpenda mke wangu Raheli na sikutaka neno na kwao.

Nilikuwa nimepangiwa zahanati ndogo hapa juu ya mlima, peke yangu. Nyumba ya matope yenye vyumba viwili, na katikati yake pazia la kitambaa cheupe. Malori yaliyopanda kutoka bondeni yalifika hapa yakitoa mvuke, na madereva walisimama mbele ya mlango wangu kuongeza maji kwenye rejeta. Walisubiri injini ipoe, kisha wakaendelea na safari ya Singida. Likishapita hilo moja, jingine hujui litakuja lini.

Asubuhi moja lori la dereva Hamisi lilikuwa limesimama, boneti juu, mzigo wa ngozi na karanga nyuma. Nikaona watu wanakuja na machela. Mbele yao yuko baba mkwe wangu, mzee Gunda, na pembeni Raheli na mwanetu mgongoni. Raheli alikuwa akilala kwao siku hizo kumsaidia mama yake. Nikajua aliyebebwa ni nani. Miguu yenyewe ilinitoa kwa mlango wa nyuma.

Raheli akanifuata nje, macho mekundu.

"Mama anakufa. Unakimbia nini?"

"Sikimbii. Nieleze imekuwaje."

Akanieleza. Maumivu yalianza jana yake kitovuni, wakadhani ni chakula. Yakahamia chini, upande wa kulia. Ametapika. Ana joto. Hataki kunyoosha mguu. Maelezo hayo nilishayasikia kwa Bwana Polepole. Kidole tumbo, kile kijinyama kinachoning'inia kwenye utumbo, kikivimba kinataka kisu cha hospitali, na kinataka upesi. Kikipasukia ndani, mtu huyo humwoni tena. Lakini homa nazo huumiza tumbo, na minyoo, na mambo ya kike. Bila kupapasa, nilikuwa nabahatisha.

Mzee Gunda akaja, fimbo mkononi. Hakuwa mkorofi, alikuwa ameogopa, na mzee akiogopa sauti inapanda.

"Sikiliza, mkwe. Nyumbani yupo bibi anayekanda matumbo, ameshachemsha samli. Hospitali ya Bomani, huko mjini, watu wanaenda wazima wanarudi wamefunikwa shuka. Ukiniambia kwa hakika kwamba huu ni ugonjwa wa kisu, nampandisha kwenye lori sasa hivi. Ukiniambia labda, namrudisha akakandwe."

"Asikandwe, baba! Kama ni ninachokidhani, akikandwa kinapasuka."

"Unadhani, au unajua?"

"Sijui mpaka nimpapase."

Hata Hamisi kule kwenye lori aligeuka kututazama.

"Tumbo la mkweo hutaligusa nikiwa hai," akasema mzee Gunda. Na ndani, kutoka kwenye machela, sauti dhaifu ikaitikia, "Wala mimi nikiwa hai."

Mnaona balaa hilo? Nesi wa kike wa karibu alikuwa kwenye misheni, mwendo wa siku nzima. Injini ya Hamisi inapoa. Nikimgusa kwa nguvu, nimeivunja nyumba yangu na huenda wasimpandishe lorini hata hivyo. Nisipomgusa, mama wa mke wangu anakufa kwa samli. Nilikasirika jamani, nawaambieni kweli. Niliikasirikia mila, nikamkasirikia mzee, nikaukasirikia na mkono wangu mwenyewe uliofundishwa kazi na sasa unaning'inia tu kama mkia.

Mtoto mgongoni kwa Raheli akaanza kulia. Raheli akapeleka mkono nyuma bila kufikiri, akampapasa mgongoni, taratibu, mpaka akanyamaza.

Nikautazama ule mkono. Kwao kulikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu, mkali, hakukamuliwa na mtu ila Raheli. Wengine waliambulia pembe. Yeye alimpitishia kiganja ubavuni huku anamsemesha, ng'ombe akatoa maziwa kama hana makuu. Maneno ya Bwana Polepole yakanirudia yote.

"Raheli, ingia ndani. Utampapasa wewe."

"Mimi? Mimi si dresa!"

"Leo ni dresa. Mimi nitakaa nyuma ya pazia nimpe mgongo. Wewe ni mikono, mimi ni mdomo."

Mzee Gunda alifikiri, akachora chini na fimbo. Akasema, "Mtoto kumshika mama yake hakuna mwiko." Akaingia naye kusimamia.

Nikaketi kwenye debe, uso ukutani, pazia nyuma yangu.

"Alale chali, akunje magoti. Umempeleka kukojoa?"

"Ala! Mbele ya baba unauliza hayo?"

"Raheli, nijibu."

"Amekojoa."

"Pasha mikono."

Sikusikia kitu. Nikauliza anafanya nini. Akasema ameitia kati ya mgongo wake na tumbo la mtoto. Hakuna kitabu kilichonifundisha hilo, na hakuna jiko lenye joto kama hilo.

"Sasa weka kiganja kushoto, juu. Mbali na maumivu. Kiache kitulie kwanza. Kisha bonyeza kwa tumbo la vidole, si kwa ncha. Mtazame usoni, usitazame mkono."

"Nimeweka. Ni laini."

"Shuka."

"Laini."

"Vuka taratibu uje kulia, chini ya kitovu."

Nikasikia mama mkwe akivuta pumzi kwa meno.

"Amekunja uso," Raheli akasema. "Hapa pamebadilika. Pagumu. Kama ngozi ya ng'ombe iliyowambwa juani."

"Mwambie alegeze."

"Anasema hawezi. Pamekaza penyewe."

Nilitaka kugeuka. Mungu ananiona, shingo ilinivuta. Kazi yote hii nilizoea kuuona uso wa mgonjwa, na sasa natazama ukuta na mchwa wanapanda. Nikajikaza.

"Sikiliza vizuri, mke wangu. Kati ya kitovu na ule mfupa wa nyonga, upande wa kulia. Bonyeza hapo polepole sana, mpaka ndani. Umefika? Sasa ondoa mkono ghafla."

"Niondoe?"

"Ondoa!"

Lo! Mama mkwe alipiga ukelele uliomfanya Hamisi aangushe kopo la maji. Alipobonyezwa alivumilia. Alipoachiwa ndipo palipomuuma mara mbili, na hiyo ndiyo dalili yenyewe niliyokuwa naitafuta. Kisha nikasikia maneno ambayo toka nimeoa sikuwahi kuyasikia kwa masikio yangu, yanakuja kwangu moja kwa moja kupitia pazia:

"We mwana wa watu wewe! Unataka kuniua?"

"Hapana, mama," nikajibu ukuta. "Nataka upone."

Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka, nikamkuta mzee Gunda ameshatoka mbele. Nikamwambia, "Baba, ni ugonjwa wa kisu. Sisemi labda." Akageuka, akamwita Hamisi washushe karanga wapate nafasi ya machela. Hamisi aliyashusha magunia bila kunung'unika, akayaacha mlangoni kwangu. Raheli akapanda naye, mtoto mgongoni, na lori likaondoka.

Zilizofuata zilikuwa siku mbaya. Nilifunga vidonda vya watu nikiwa roho juu. Kama nimekosea, nimempeleka mama wa watu akapasuliwe bure. Kama nimepatia lakini nimechelewa, ni yale yale. Hamisi alipopita kurudi bondeni nilimkimbilia barabarani.

"Nimewashusha wakiwa hai," akasema. "Zaidi ya hapo usiniulize, mimi dereva."

Safari iliyofuata alipiga honi kuanzia mbali. Nikasimama mlangoni. Hamisi akatoa kichwa dirishani. "Mkweo anakula uji na anagombana na manesi!"

Nililia, vijana. Nilikaa kwenye gunia la karanga nikalia, na wagonjwa wakanitazama.

Bwana Polepole alikuwa amempasua jioni ile ile walipofika. Alimwambia Raheli kwamba kidole tumbo kilikuwa kimebakiza kidogo kupasuka, na kwamba samli ingekimaliza. Akamuuliza nani alipapasa. Raheli akamwambia. Yule daktari alicheka mpaka akakaa, kisha akamwomba Raheli amwonyeshe alivyopasha mikono.

Mama mkwe aliporudi, wazee wa ukoo waliketi. Ilibidi waamue: mwiko umevunjwa au haukuvunjwa? Mimi nilijiandaa kutoa mbuzi wa faini. Wakabishana weee. Mmoja akasema sauti ya mkwe imemgusa. Mwingine akasema sauti haina vidole. Mwishoni mzee Gunda akasimama.

"Huyu kijana alitazama ukuta mwanzo hadi mwisho, nilikuwepo. Mkono ulikuwa wa mwanangu. Aliyemsemesha mkwe ni mke wangu. Kama kuna wa kutoa kitu, ni sisi."

Basi mama mkwe akatozwa kuku! Aliletwa na Raheli, jogoo mnene, na ujumbe kwamba nimle nikitazama ukuta. Nilimla.

Mambo yakaanzia hapo. Wanawake ambao hawakuwahi kukanyaga zahanati yangu, kwa sababu hawakutaka kushikwa na mwanamume, walianza kuja. Walitoka vijiji vya huku, wengine mpaka Kinyangiri. Hawakuniulizia mimi, waliuliza, "Mwenye mkono yupo?" Nilikuwa naketi nyuma ya pazia nasema, Raheli anapapasa. Baada ya muda akawa hanihitaji, ananiambia ninyamaze nampotezea usikivu. Bwana Polepole akamwombea nafasi ya kusomea ukunga. Baba yake alimsindikiza mwenyewe mpaka kwenye lori la Hamisi. Watoto wengi wa mlima huu, na baba zenu baadhi yenu, mkono wa kwanza kujua wamelalaje tumboni ulikuwa huo.

Sasa mashine zimekuja, mnamwona mtoto kwenye kioo. Sizipingi, ningezipata wakati ule ningezibusu. Lakini umeme ukikatika, au mko huko porini na mama anaumwa, mtabaki na kilichobaki kwangu siku ile. Na hata mashine ikiwepo, mgonjwa hajatulizwa na mashine. Hilo ndilo Warumi walilitia kwenye neno lao.

Siku moja, Raheli ameshamaliza masomo, niko kwenye debe langu nahesabu bandeji, nikasikia sauti ninayoijua chumba cha pili. Mama mkwe amemleta mke wa mwanawe, mimba kubwa, mara ya kwanza, binti anatetemeka, hataki kushikwa. Nikaugeukia ukuta kama desturi.

"Lala, mwanangu, usiogope," mama mkwe alikuwa anamwambia. "Hata mimi nilikataa, nikawa nakufa na heshima zangu. Raheli, umepasha mikono?"

"Nimepasha, mama."

"Hebu nishike nione."

Kisha akasema, "Bado. Ongeza." Halafu akapaza sauti, na safari hii hakukosea, alilikusudia pazia: "Na wewe wa ukutani, kuku mwingine sitoi!"

Tulicheka wote, pazia katikati yetu. Yule binti naye alicheka, na Raheli aliniambia baadaye kwamba kwa kile kicheko tumbo lililegea, mkono ukaingia vizuri, mtoto yuko sawa, kichwa chini. Mama mkwe aliishi miaka mingi baada ya hapo. Sikumgusa mpaka anaingia kaburini, wala hakuna mgonjwa niliyemjua vizuri kuliko yeye.

Basi inatosha, chai inapoa. Ingieni ndani mkamwamkie bibi yenu Raheli. Macho yake yameisha siku hizi, kwa hiyo atawashika mikono mmoja mmoja na ataishika muda mrefu. Msishangae. Akikwambia "baridi", usibishane naye, pita jikoni ukaote moto, kisha rudi umpe tena.